Godoro la Dar, kilo 22: nitume pesa au nisitume?

Assalaam aleykum Mjomba, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mikanjuni hapa Tanga mjini, nafundisha shule ya msingi. Tatizo langu ni godoro, na tafadhali usicheke, maana limeshaleta kununiana ndani ya nyumba.

Tunalolalia ni la sponji, sita kwa sita, inchi 6, tulilonunua tulipooana. Sasa limefanya bonde katikati. Mume wangu ni mtu wa mwili, ana kilo 104, na hulala chali. Mimi nina kilo 58 na usingizi siupati ila kwa kulala ubavu. Usiku kucha nateremkia upande wake, asubuhi naamka bega na nyonga vinauma. Yeye naye analalamika kiuno.

Mwezi wa saba tulikwenda Lushoto kwenye harusi ya shemeji yangu, tukalala nyumba ya wageni. Mjomba, godoro lile! Ukilala linakupokea polepole, ukiinuka alama ya mwili inabaki kidogo ndipo linajaa tena. Sikuumwa popote. Nikamuuliza mhudumu ni godoro gani, akasema ni la kisasa, zaidi ya hapo hajui.

Niliporudi nikaanza kutafuta Instagram, nikampata muuzaji wa Dar es Salaam. Nikamweleza lile la Lushoto lilivyokuwa, akajibu, "Ndilo hilo hilo dada, lateksi asili asilimia mia." Ni sita kwa sita, inchi 8, linakuja limebanwa na kuviringishwa ndani ya nailoni. Uzito ni kilo 22, analipakia kwenye basi, mimi nalipokea stendi ya Kange. Bei yake ni zaidi ya mara tatu ya godoro la sponji la hapa. Anataka pesa yote kwanza kwa simu, na ameandika kabisa kwamba mali ikishatoka hairudi. Pesa ninayo, nimepokea mchezo mwezi huu.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema godoro laini linaharibu mgongo, twende Ngamiani tukanunue gumu la HD, yaani la sponji nzito, yaishe. Nimekwenda naye madukani. Magodoro yote yako ndani ya nailoni, yamesimamishwa ukutani. Nilipoomba nilale kidogo nilipime, muuzaji akaniambia, "Mama, ukililalia umelinunua." Kwa hiyo hata la hapa mjini nitalichukua bila kulijaribu.

Nisaidie, Mjomba. Nitume pesa Dar au nimfuate mume wangu? Na mtu anachaguaje godoro ambalo hajalilalia?

Mama Wawili, Mikanjuni, Tanga

---

Waaleykum salaam, na marahaba mpwa wangu. Sicheki. Barua za magodoro zinazonifikia siku hizi zinakaribia kuzipita za mapenzi, na ukiziangalia vizuri nyingine ni zile zile.

Jibu kwanza: pesa hiyo usiitume bado, wala mume wako usimfuate kichwa kichwa. Muuzaji wa Dar simwiti mwizi. Ninachokuambia ni kwamba maelezo uliyoniandikia hayapatani. Godoro la Lushoto halikuwa lateksi. Na la Dar, kwa inchi 8 na kilo 22, haliwezi kuwa lateksi tupu. Haya yote nimeyatoa ndani ya barua yako, na hakuna aliyelala juu ya chochote.

Tuanze Lushoto. Umesema ukiinuka alama ya mwili inabaki ndipo godoro linajaa. Hiyo ni tabia ya sponji ya memori, iliyobuniwa Marekani mwaka 1966 katika utafiti wa shirika la anga la NASA wa kuboresha viti vya ndege. Sponji hii inafuata joto: palipopata joto la mwili panalainika, palipo baridi panabaki pagumu. Sasa kumbuka ulipoilalia. Lushoto ni mlimani, mwezi wa saba ni kipupwe, na bila shaka mlijifunika blanketi. Godoro lilikuwa gumu kila mahali isipokuwa pale begani na nyongani ulipolipasha moto wewe. Ndiyo raha uliyoipata. Lilete godoro hilo hilo Mikanjuni mwezi wa pili, joto la kaskazi limekolea na umeme umekatika, feni imesimama. Litakuwa limeshalainika lote kabla hujapanda kitandani. Utazama kama uliyelala kwenye unga wa maandazi uliokwisha kuumuka, na kwa vile limekukumbatia pande zote, jasho halina pa kutokea. Mwenye kilo 104 ndiye atakayelia zaidi. Ndiyo maana sifa za magodoro haya zilizoandikwa na watu wa Uingereza au Kanada huwa nazisoma nikikumbuka vyumba vyao.

Lateksi ni kitu kingine kabisa. Ni utomvu wa mti wa mpira, miti ya aina ile iliyopandwa Kihuhwi kwetu Muheza, ingawa magodoro yenyewe yanatoka mbali, Sri Lanka, India, Thailand na kwingineko Asia. Utomvu hupigwa mpaka ukawa povu, ukamiminwa kwenye kalibu yenye meno mengi ya chuma, ukapikwa. Meno yakitoka yanaacha vitundu vilivyojipanga, ndiyo alama yake ya kwanza. Alama ya pili ni kwamba ukiibonyeza inarudi papo hapo, kiganja hakiachi kitu. Joto la chumba haliibadilishi sana; ilivyo Lushoto ndivyo itakavyokuwa Tanga. Ipo pia lateksi ya kiwandani inayotokana na mafuta ya petroli, na ipo michanganyiko ya hizo mbili, kwa hiyo neno "asili" mtu akilitamka mwambie akuandikie ni asilimia ngapi. Na kama wewe au watoto mnawashwa au kuvimba mkigusa glovu za mpira au maputo, achana nayo kabisa.

Muuzaji aliyeelezwa godoro linalobaki na alama akajibu "ndilo hilo hilo, lateksi" ama hajui anachouza, ama hakukusoma. Wote wawili ni wa kuhojiwa kabla ya kulipwa.

Sasa uzito, na hapa chukua kalamu. Godoro la povu, liwe la sponji au la lateksi, hupimwa kwa kilo ngapi zinaingia katika mita moja ya ujazo. Hiyo ndiyo namba inayokuambia litadumu au litafanya bonde. Kuipata si kazi: zidisha urefu kwa upana kwa futi, zidisha kwa unene wa inchi, gawa kwa 12, kisha gawa kwa 35.3. La kwako: 6 mara 6 mara 8 ni 288, gawa kwa 12 unapata 24, gawa kwa 35.3 unapata 0.68. Godoro lako ni mita za ujazo 0.68. Chukua uzito, kilo 22, gawa kwa 0.68, unapata kama 32.

Lateksi huanzia kama kilo 60 kwa mita ya ujazo kwenda juu, nyingi zinacheza kati ya 65 na 90. Kwa hiyo sita kwa sita ya inchi 8 iliyo lateksi tupu isingepungua kilo 40, na kwa kawaida ingekuwa karibu 50. Ni mzigo wa watu wawili, na mpiga debe wa Kange angekudai ziada. Hata sponji ya memori, ambayo mara nyingi huanzia 40 kwa mita ya ujazo, ingefika kilo 27. Na usije ukaambiwa uzito umepungua kwa sababu limebanwa. Kubana kunatoa hewa, kilo zinabaki pale pale.

Basi kilo 22 ni nini? Huenda ni sponji ya kawaida, tena si mbaya. Lakini kuna uwezekano mwingine, ambao mimi ndio ninaouamini zaidi: tabaka la lateksi la inchi 2 juu, na chini yake inchi 6 za sponji nyepesi. Piga hesabu mwenyewe: inchi 2 za lateksi ya 75 ni kama kilo 13, inchi 6 za sponji ya 20 ni kama kilo 10. Jumla inaangukia palepale aliposema. Mtu anaweza kuliita hilo godoro la lateksi na moyo wake usimsute, maana lateksi imo. Shida iko chini. Sponji ya 20 ikibeba kilo 104 kila usiku, bonde litarudi, na safari hii utakuwa umelilipia mara tatu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza si "ni lateksi?" Muulize tabaka ziko ngapi, kila moja ni ya nini, ina unene wa inchi ngapi, na kilo ngapi kwa mita ya ujazo. Mwambie pia akupigie picha zipu ikiwa wazi, povu lionekane ubavuni. Asiyeweza kujibu hayo hastahili pesa ya mchezo.

Nije kwa mume wako. Msalimie, mwambie ana haki nusu.

Haki yake ni kwamba mwili wake unahitaji sponji nzito. Anapokosea ni pale anapodhani nzito na gumu ni kitu kimoja. Ugumu ni namna godoro linavyokusukuma unapolala leo. Uzito wa ujazo ni kama litakusukuma vivyo hivyo baada ya miaka. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji nyepesi iliyo ngumu, ukaibonyeza dukani ukafurahi, miezi michache baadaye imelala. Kinaweza pia kutengeneza nzito iliyo laini. Na herufi HD kwenye kitambaa si kipimo. Kila kiwanda huzichapa kinavyopenda.

Kuhusu mgongo, jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Uhispania uliowachukua watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Nusu walipewa magodoro magumu, nusu magodoro ya ugumu wa kati, wakayalalia siku 90 bila kuambiwa ni yapi. Walioendelea vizuri zaidi, kwa maumivu na kwa uwezo wa kufanya shughuli zao, ni wale wa ugumu wa kati. Msomee hilo baba watoto akiwa ameshiba. Ila kiuno kikianza kufuatana na ganzi miguuni au mguu kukosa nguvu, hiyo si habari ya godoro tena, aende hospitali ya Bombo.

Mkienda Ngamiani, msiombe kulala. Ombeni kupima. Chukueni tepu ya fundi mpime unene, kwa sababu inchi 8 za dukani wakati mwingine ni 7 na kidogo, na nusu inchi kwenye sita kwa sita ni povu jingi. Kisha ombeni mizani. Mitaa ile haikosi duka la nafaka lenye mizani ya magunia, na kijana wa dukani atawabebea godoro hadi pale kwa elfu moja mbili. Toeni kilo moja au mbili za kitambaa, fanyeni hesabu niliyokupa. Sita kwa sita ya inchi 8 yenye povu la kilo 12 ni sponji ya 18 hivi, hiyo waachieni wageni wa siku mbili. Kilo 17 ni kama 25. Kilo 20 na ushei ni 30. Mtu wa kilo 104 mimi simshauri chini ya hapo, na akipata 35 ni bora zaidi.

Mizani nayo inadanganywa, nikuonye. Kuna sponji inayoongezwa unga wa chokaa ili ipate uzito. Ukiisugua kona yake unga unatoka vidoleni, na haidundi. Kuna pia ile inayogandishwa kutokana na vipande vya mabaki, ambayo ni nzito na ngumu sana. Ukifungua zipu utaona rangi rangi. Hii ya vipande si haramu, wapo wanaoipenda, lakini ijue unapoinunua, na kwa mtu wa kulala ubavu kama wewe itakuumiza bega vibaya. Duka linalokataa kulala linaweza kukubali zipu. Likikataa na zipu, duka la jirani liko mlango wa pili. Alama ya TBS iangalieni pia, ingawa mimi nayaamini macho na mizani kwanza.

Hesabu hizi zinakuambia uimara. Ulaini hazikuambii, na ulaini ndio ulioupenda Lushoto. Hapo ndipo kila mtu anasema huwezi kujua mpaka ulale. Mimi nasema chukua dumu.

Dumu la njano la lita 20, lijaze maji. Pima kimo chake likiwa sakafuni. Nenda kwa mtu ambaye ukilala kwake unaamka salama, kwa mama, kwa dada, kwa shoga yako, mradi iwe hapa hapa pwani kwenye joto letu. Teremsha godoro lake chini, weka dumu katikati, subiri dakika chache, kisha pima kutoka sakafuni hadi juu ya dumu. Ukitoa kimo cha dumu, kilichobaki ni povu lililosalia chini yake. Godoro la inchi 8 likisalia 6, limezama 2. Andika. Sasa muuzaji wa Dar naye afanye hivyo hivyo kwa video, dumu la aina ile ile, tepu ikionekana. Namba yenyewe peke yake haina maana. Maana iko kwenye kulinganisha. Kama lako zuri linazama 2 na lake linazama 1, litakuwa gumu kwako, hata angelisifu mpaka koo limkauke. Likizama 3 na nusu, ni laini kupita kiasi. Muuzaji mwenye nia ya kuuza atafanya, kazi yenyewe ni ya dakika kumi.

Na nani wa Tanga asiye na ndugu Dar? Tafuta mwenye umbo kama lako, siyo yule mjomba wa kilo mia, aende dukani alale ubavu robo saa huku anapiga soga na wewe kwenye simu. Robo saa kamili, maana dakika mbili za kwanza kila godoro ni zuri. Mwambie apitishe mkono chini ya kiuno: ukipita wazi, godoro ni gumu; usipopita kabisa na nyonga imezama, ni laini mno.

Kabla hujatumia hata senti, fanya jambo moja leo usiku. Teremsheni hilo godoro lenu la zamani sakafuni. Kama bonde linabaki, godoro limekwisha. Kama linapungua, muoneni fundi seremala, maana mwenye kosa ni kitanda. Mafundi wetu hupenda kuweka chaga chache zilizoachana, na chaga ya katikati ikipinda, godoro lolote litaifuata. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi 3, hasa kama mnaleta lateksi, kwa uzito wake na ulegevu wake. Wala msizibe chini kwa ubao mzima. Unyevu wa Tanga hauna huruma, godoro lisilopumua chini huota ukungu upande msiouona.

Tufike sasa kwenye ugomvi wenyewe. Wewe kilo 58 wa ubavu, yeye kilo 104 wa chali. Hakuna povu moja duniani litakalowaridhisha wote wawili. Likimfaa yeye litakugomea wewe begani, likikufaa wewe atalichimba. Kwa hiyo msinunue godoro moja la sita kwa sita. Nunueni mawili ya tatu kwa sita, unene sawa, myaweke sambamba kwenye kitanda kile kile. Mifumbati itayabana yasiachane, shuka ni moja, chandarua ni kimoja. Fundi cherehani anaweza kushona kifuniko kimoja cha kuyavika yote, na ufa wa katikati mkauziba kwa utepe wa sponji chini ya kifuniko. Najua atakachosema: "Sasa unanitenga?" Mwambie kila mtu atakuwa na upande wake, na hakuna atakayeteremkia kwa mwenzake ila kwa kutaka.

Yeye achukue la Ngamiani analolitaka, lipimwe: tatu kwa sita ya inchi 8 ni mita za ujazo 0.34, kwa hiyo povu la kilo 10 hadi 12 linamtosha, na achague la ugumu wa kati anaoweza kuuvumilia. Wewe, kama muuzaji wa Dar atakujibu vizuri, chukua lake hilo la tabaka. Linalomharibikia mwenye kilo 104 linaweza kukufaa wewe wa 58, hasa kama sponji ya chini ni 25 au zaidi: lateksi ya juu itapokea bega na nyonga, na joto halitaibadilisha. Zaidi ya hayo utakuwa umehatarisha nusu ya pesa. La tatu kwa sita likikukataa, litakwenda chumba cha watoto.

Malipo. Usilipe yote mbele. Mpe sehemu, nyingine aipate mzigo ukifika Kange na mizani ikikubali. Lipime kabla hujachana nailoni, kwa sababu likishavimba hakuna wa kuliviringisha tena. Akisema tatu kwa sita ni lateksi tupu na mizani ikaonyesha kilo 11, usilichane, mpigie pale pale. Maneno yake ya "mali ikitoka hairudi" yanaweza kukubana ukibadili nia tu. Kitu kisicho kile ulichoelezwa ni jambo jingine: sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Lakini maelezo ya mdomo hayana shahidi. Tabaka, inchi, kilo, asilimia, vyote viwe kwenye maandishi ya simu yako pamoja na jina la biashara yake, na akikuzungusha Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji.

Likifika salama, lifungue chumbani dirisha likiwa wazi. Litakuwa na harufu, na huenda likachukua siku moja mbili kujaa hadi kona. Usilihukumu usiku wa kwanza, mwili wako umezoea bonde.

Halafu ujiandae kwa mama mkwe. Jumamosi ya kwanza atataka lianikwe juani uani, ndivyo sote tulivyolelewa na kwa magodoro ya sufi ilikuwa sawa kabisa. Jua linaikausha lateksi ikapasuka na kumeguka, na sponji inageuka njano ikachoka mapema. Lipigwe upepo kivulini, dirishani, inatosha. Na kama unajipaka mafuta ya nazi kabla ya kulala, tia kitambaa kizito cha pamba chini ya shuka, kwa kuwa mafuta nayo huila lateksi.

Ujumbe wa kumtumia muuzaji uuandike hivi: "Habari kaka. Nataka tatu kwa sita, inchi 8. Naomba kila tabaka: ni ya nini, inchi ngapi, kilo ngapi kwa mita ya ujazo. Uzito wa godoro zima. Picha zipu ikiwa wazi. Video ya dumu la lita 20 likiwa juu, na tepu. Nikipata hivyo natuma nusu leo." Akikujibu kwa namba, niletee tuzisome pamoja. Akikujibu kwa sifa, pesa irudi kwenye kibubu na wewe uende Ngamiani na mizani.